SOMO LA AFYA: GANZI YA PAJA NA KIPIMO CHA UMEME WA NEVA
Mafunzo kutoka Mkoa wa Singida

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaletewa somo hili juu ya maradhi ya ganzi na mwako wa paja, pamoja na kipimo cha umeme ambacho madaktari hukitumia kuichunguza neva iliyobanwa. Maradhi yenyewe hayaui. Humsumbua mtu, humnyima raha ya kusimama na kutembea, na aghalabu humtoa fedha nyingi kwa safari na dawa zisizohusika. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba ganzi ya paja ina jamaa zake wanaofanana nayo, na baadhi ya jamaa hao ni maradhi ya hatari ambayo hayafai kungojewa.

Mkoa wa Singida, uliopo katikati ya Tanzania Bara, umechukuliwa hapa kuwa mfano. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 1963, na kwa Sensa ya mwaka 2022 una wakazi zaidi ya milioni 2, wengi wao wakiwa wakulima wa alizeti, mtama na vitunguu, wafugaji, na warina asali wa upande wa Manyoni na Itigi. Kutoka mjini Singida hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 240, na hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 700. Vipimo vya umeme wa neva hufanywa katika hospitali chache kubwa za nchi, kwa hiyo mgonjwa wa kijiji cha Iramba au Ikungi hulazimika kupima kwanza uzito wa safari kabla ya kupimwa yeye mwenyewe. Mkazi wa Pemba au wa kisiwa cha Tumbatu anaifahamu vyema hali hiyo. Swali lao ni moja: ni ganzi ipi inayohitaji mashine, ipi inayohitaji jicho na mkono wa tabibu, na ipi isiyotaka kuchelewa hata siku moja?

1. NEVA INAYOHUSIKA

Neva, au mshipa wa fahamu, ni uzi mwembamba unaopeleka habari kati ya mwili na ubongo. Zipo neva zenye kuamrisha misuli, zipo zenye kuleta hisi za mguso, joto na maumivu, na zipo zenye kufanya kazi zote mbili. Neva inayozungumzwa hapa ni ile ya ngozi ya upande wa nje wa paja. Asili yake ni uti wa mgongo, kwenye pingili ya pili na ya tatu ya kiuno. Hupita ndani ya nyonga, kisha hutokea mbele karibu na kile kinundu cha mfupa ambacho mtu hukigusa akiweka mkono kiunoni. Hapo hupenya chini ya kano ya kinena, na wakati mwingine katikati ya kano yenyewe, kabla ya kutawanyika kwenye ngozi ya paja.

Mlango huo wa kinena ni mwembamba, na ndipo neva inapobanwa. Neva hii haina kazi ya kuamrisha msuli wowote. Kazi yake ni kuleta hisi za ngozi tu. Kwa sababu hiyo, aliyebanwa neva hii peke yake huona ganzi na mwako, lakini mguu wake haupungui nguvu. Jambo hili ni la kushikwa sana, kwani ndilo linalotenganisha maradhi mepesi na mazito.

Madaktari huyaita maradhi haya meraljia parestetika, jina lililotungwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya maumivu ya paja pamoja na hisi zisizo za kawaida. Mwaka 1895 yalielezwa kwa urefu na Martin Bernhardt wa Ujerumani na Vladimir Roth wa Urusi, na mwaka huohuo daktari Sigmund Freud wa Vienna aliandika kwamba yeye mwenyewe aliyapata.

2. DALILI ZAKE

Mgonjwa huona ganzi, mwako, au kuchomachoma kama sindano kwenye upande wa nje wa paja, pengine na sehemu ya mbele. Eneo hilo huweza kuwa dogo kama kiganja au likaenea hadi karibu na goti, lakini halishuki chini ya goti. Wapo ambao hata kuguswa na nguo huwaumiza. Kusimama kwa muda mrefu na kutembea mwendo mrefu huzidisha; kukaa na kuikunja nyonga mara nyingi huleta nafuu. Kwa kawaida huwa upande mmoja, ingawa huweza kushika mapaja yote mawili.

Mgonjwa akiulizwa aonyeshe mahali panapomsumbua, hupapasa paja lake kwa kiganja kizima, tena hupapasa palepale kila anapoulizwa. Tabibu makini huitunza ishara hiyo.

3. MAMBO YANAYOIBANA NEVA

Sababu zinazojulikana ni hizi:

(a) Mavazi na mizigo ya kiunoni. Mkanda uliokazwa sana, suruali ya kubana, mkanda mzito wa sare ya askari, kibindo cha fedha kilichofungwa kwa nguvu, na hata mkaja wa mzazi ukikazwa chini sana ya kiuno.

(b) Kitambi na unene. Tumbo likishuka, huielemea kano ya kinena.

(c) Ujauzito, hasa miezi ya mwisho. Mara nyingi ganzi hii huondoka baada ya kujifungua.

(d) Operesheni za maeneo ya nyonga na kinena, ikiwa ni pamoja na zile za ngiri na za kuchukua kipande cha mfupa wa nyonga, na pia kulala kifudifudi kwa muda mrefu mezani pa operesheni.

(e) Kisukari. Neva ya mwenye kisukari huwa dhaifu tangu mwanzo, hivyo hudhurika kwa mbano mdogo. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011, uliona wagonjwa wapya wapatao 33 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Miongoni mwa wenye kisukari walikuwa 247 katika idadi hiyohiyo, yaani zaidi ya mara 7.

Funzo la kifungu hiki cha mwisho ni kwamba mwenye ganzi ya paja apimwe sukari ya damu. Kipimo hicho ni cha tone moja la damu na hakihitaji safari ya mbali.

4. UCHUNGUZI USIOHITAJI UMEME

Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa aeleze yote, na tabibu naye asikilize yote. Katika maradhi haya, maelezo ya mgonjwa na mkono wa tabibu hutosha mara nyingi kuujua ukweli. Kazi hiyo huweza kufanywa katika zahanati au kituo cha afya, na kwa undani zaidi katika hospitali za Mkoa wa Singida zilizozoeleka kwa miaka mingi, kama Kiomboi, Iambi, Makiungu na Mtakatifu Gaspar ya Itigi, pamoja na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo mjini.

Kwanza, tabibu huvua nguo ya paja na kuitazama ngozi penye mwanga wa kutosha. Huu si utaratibu wa hiari. Umuhimu wake utaelezwa mbele.

Pili, huchora mpaka wa ganzi kwa kuigusa ngozi kwa pamba au kwa ncha ya kalamu ya wino, mgonjwa akiwa amefumba macho. Mpaka wa neva hii hukaa upande wa nje wa paja. Ganzi ikiingia upande wa ndani, ikashuka kwenye muundi au ikafika unyayoni, neva nyingine inahusika.

Tatu, hupima nguvu. Mgonjwa huambiwa anyooshe goti huku tabibu akilizuia, kisha ainue paja. Tabibu hugonga kano iliyo chini ya pia ya goti ili aone kama mguu unaruka. Mguu ulio dhaifu, au goti lisiloitika, huondoa shaka kwamba jambo ni kubwa kuliko ngozi.

Nne, hubonyeza kinena kando ya kile kinundu cha nyonga. Mwako ukiamka palepale na kukimbilia pajani, mahali pa mbano pamejulikana. Kuna njia nyingine pia: mgonjwa hulala ubavu, upande wenye ganzi ukiwa juu, na tabibu huikandamiza nyonga kwa kiganja kwa sekunde 45. Kukandamiza huko huilegeza kano ya kinena, na mgonjwa wa maradhi haya hupata nafuu kwa kitambo hicho.

Hayo yote hayagharimu kitu ila muda na uangalifu.

5. KIPIMO CHA UMEME WENYEWE

Kwamba habari hupita katika neva kwa mwendo unaopimika lilikuwa jambo la ajabu hadi mwaka 1850, pale mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alipoupima mwendo huo katika mguu wa chura. Ilichukua takriban miaka 100 kabla ya ujuzi huo kuingia hospitalini. Mwaka 1949, George Dawson na mwenzake Scott, huko London, walionyesha kwamba umeme mdogo wa neva za hisi unaweza kunaswa juu ya ngozi ya mtu.

Kipimo kina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kuupima mwendo wa umeme ndani ya neva. Mgonjwa hulala chali. Vibandiko vidogo huwekwa mbele ya paja, na chombo chenye ncha mbili huwekwa karibu na kinundu cha nyonga. Chombo hutoa mshtuko mdogo, mfano wa ule unaoupata mtu anapogusa chuma baada ya kuvua nguo ya nailoni. Mashine huchora wimbi la umeme lililofika pajani. Mpimaji hutazama mambo mawili: muda ambao wimbi limeutumia njiani, unaohesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde, na kimo cha wimbi, kinachohesabiwa kwa sehemu za milioni za volti. Muda ukirefuka, yaelekea ganda la neva limeumia. Kimo kikishuka, yaelekea nyuzi zenyewe zimepungua au umeme umezuiliwa njiani.

Baada ya hapo upande mzima nao hupimwa, kisha pande mbili hulinganishwa. Ulinganisho huo ndio moyo wa kipimo cha neva hii. Wimbi lake ni dogo hata kwa mtu mwenye afya, na kimo chake hutofautiana sana baina ya watu. Mpimaji hushuku pale wimbi la upande wenye ganzi linapokuwa chini ya nusu ya wimbi la upande mzima, au linapokosekana kabisa.

Sehemu ya pili ni sindano. Sindano nyembamba yenye kunasa umeme huingizwa ndani ya misuli ya paja na ya kiuno. Msuli uliokatiwa neva yake hutoa vishindo vya umeme hata ukiwa umepumzika. Katika maradhi ya ganzi ya paja peke yake, misuli huonekana mizima, kwa kuwa neva yenyewe haina msuli inaoutawala. Sindano basi hutumiwa kuwatafuta wengine wanaoshukiwa: mzizi wa neva uliobanwa mgongoni, au neva kubwa ya mbele ya paja iliyoumia. Kwa kuwa vishindo hivyo huchukua kiasi cha majuma 2 hadi 3 kujitokeza, sindano ikifanywa siku chache baada ya kuumia huweza kuonyesha usalama ambao haupo.

6. MIPAKA YA KIPIMO

Wananchi wengi hudhani kwamba jibu la mashine halina makosa. Kipimo hiki kina mipaka yake, na ni haki ya mgonjwa kuifahamu.

Kwa mtu mnene, mafuta ya mwili huitenga neva na vibandiko, hivyo wimbi huweza kukosekana hata upande mzima. Njia ya neva hii hutofautiana baina ya watu, na mpimaji akilenga pasipo pake hatapata kitu. Mapaja yote mawili yakiugua, hakuna upande mzima wa kulinganishia. Baridi ya ngozi nayo hupunguza mwendo wa umeme kwa takriban mita 2 kwa sekunde katika kila nyuzi moja ya joto inayopungua, kwa hiyo mguu ulio baridi hupashwa joto kwanza. Zaidi ya hayo, neva iliyowashwa kidogo tu huweza kuuma sana na bado ikapitisha umeme vizuri.

Kwa hiyo kipimo kilicho kizuri hakimkanushi mgonjwa mwenye dalili zilizo wazi, na kipimo kilicho kibaya hakimwondolei tabibu wajibu wa kutafuta sababu ya ubaya huo. Mashine huonyesha hali ya neva; haionyeshi kama ni mkanda, sukari au uvimbe uliosababisha. Tena kipimo si tiba: mshtuko wa mashine hauponyi ganzi, na anayeuuza kwa ahadi hiyo asisadikiwe.

Safari ya kipimo ina faida katika hali kama hizi: dalili hazilingani na neva moja, nguvu za mguu zimepungua, maradhi yamedumu kwa miezi licha ya tiba, au operesheni inafikiriwa. Kwa aliyelegeza mkanda na kupata nafuu, kuuza mbuzi ili kulipia basi na mashine ni hasara tupu.

7. GANZI NA UKOMA: JAMBO LISILOSAHAULIKA

Hapa ndipo Singida inapotoa funzo kubwa kuliko vitabu vya nchi za baridi. Katika vitabu hivyo, ganzi ya paja isiyo na udhaifu huishia kwenye mkanda na unene. Katika nchi za Afrika Mashariki, tabibu hana ruhusa ya kuishia hapo kabla ya kuitazama ngozi.

Huko Sukamahela, wilayani Manyoni, yapo makazi ya miaka mingi ya wazee na watu waliopata ulemavu kwa sababu ya ukoma. Vidole vilivyopotea na nyayo zenye vidonda havikuanza hivyo. Kwa wagonjwa wengi wa ukoma, mwanzo ni baka moja la ngozi lisilouma wala kuwasha, lenye rangi iliyofifia au wekundu, ambalo mtu hulichomwa na mwiba asijue. Baka hilo huweza kuwa popote, na paja ni mahali ambapo nguo hulificha.

Tofauti zake ni hizi. Katika mbano wa neva, rangi ya ngozi kwa kawaida haibadiliki, na mwako huongezeka kwa kusimama. Katika ukoma, ngozi yenye ganzi ina baka, nywele za hapo huweza kupungua, jasho hukauka, na neva za kiwiko, za pembeni mwa goti au za kifundo cha mguu huweza kuwa nene zikipapaswa. Mtu aliyeambiwa kwa haraka kwamba alegeze mkanda, huku baka lake halikutazamwa, amepotezewa wakati ambao neva zake haziwezi kuurudisha.

Tanzania ilianzisha Mradi wa Kitaifa wa Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, na mwaka 2006 ilifikia kiwango cha kitaifa cha chini ya mgonjwa 1 katika watu 10,000. Kiwango hicho hakina maana kwamba ukoma umekwisha. Wagonjwa wapya bado hugunduliwa. Dawa zake hutolewa bila malipo, kwa miezi 6 kwa mwenye mabaka machache na miezi 12 kwa mwenye mabaka mengi, na maambukizo hukoma mapema baada ya kuanza dawa. Mgonjwa hana sababu ya kufichwa ndani wala kutengwa na jamaa zake.

Kipimo cha umeme nacho kina nafasi yake hapa. Tafiti zilizofanywa India kwa wagonjwa wa ukoma zilionyesha kwamba mabadiliko ya umeme wa neva huweza kutangulia kwa majuma kadhaa ganzi inayogunduliwa kwa kugusa. Palipo na mashine, basi, huweza kusaidia kuiokoa neva. Pasipo na mashine, kalamu ya wino na jicho lenye kutazama hubaki kuwa vyombo vya kwanza.

8. HALI ZISIZOFAA KUNGOJA

Mtu mwenye mojawapo ya hali zifuatazo apelekwe hospitali bila kukawia:

(a) Mguu unaoregea, goti linalokunjika lenyewe, au unyayo usioinuka.

(b) Kushindwa kuzuia au kutoa haja ndogo au kubwa, au ganzi ya sehemu za siri na makalio. Hii ni dharura ya saa, wala si ya siku.

(c) Homa pamoja na maumivu ya kinena, mgonjwa akiwa hawezi kuinyoosha nyonga. Huenda ni jipu la ndani ya msuli wa kiuno.

(d) Maumivu ya mgongo pamoja na kukonda, homa za jioni na jasho la usiku. Kifua kikuu hushika pia uti wa mgongo.

(e) Maumivu makali ya ghafla ya kinena na udhaifu wa paja kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Damu huweza kuvuja ndani na kuibana neva kubwa.

(f) Mtoto aliyeacha kuukanyagia mguu baada ya kuchomwa sindano ya takoni, au mama aliyepoteza nguvu ya mguu baada ya uchungu wa muda mrefu.

(g) Mwako wa upande mmoja unaofuatwa na malengelenge. Huo ni mkanda wa jeshi, na dawa yake hufaa zaidi ikianzwa mapema, ndani ya siku 3 za kwanza.

9. TIBA

Tiba ya kwanza ni kuiondoa sababu. Mkanda ulegezwe, nguo za kubana ziachwe, funguo na fedha zihamishwe kutoka kiunoni. Mwenye kitambi apunguze uzito kwa utaratibu, na mwenye kisukari airekebishe sukari yake. Mtumishi anayesimama kazini kutwa nzima apewe nafasi ya kukaa kwa vipindi. Hilo ni jambo dogo ambalo mkuu wa idara anaweza kuliamua bila waraka. Walio wengi hupata nafuu kwa hatua hizo ndani ya majuma au miezi.

Nafuu ikikawia, daktari huweza kutoa dawa za maumivu ya neva, au kuchoma sindano ya ganzi pale neva inapopenya kinenani. Sindano hiyo ni tiba na kipimo kwa pamoja: mwako ukikatika mara moja, mahali pa mbano pamethibitika. Operesheni ya kuilegeza au kuikata neva hubakizwa kwa wachache ambao mengine yote yameshindwa kuwafaa.

Kuchanja chale, kupiga chuku au kukanda kwa kitu cha moto kwenye ngozi yenye ganzi kuna hatari. Ngozi isiyohisi haimpi mwenyewe onyo. Huungua huku yeye akidhani anapata tiba.

10. MAELEKEZO KWA ANAYEKWENDA KUPIMWA

Aende na barua ya rufaa yenye kueleza swali ambalo tabibu wake anataka lijibiwe. Barua isemayo tu kwamba mgonjwa apimwe neva haimsaidii mpimaji. Aulize mapema kama mashine inafanya kazi, mtaalamu yupo, na gharama ni kiasi gani. Siku ya kipimo aoge na asijipake mafuta, kwani mafuta huzuia vibandiko kushika. Ale chakula chake na ameze dawa zake za kawaida. Amweleze mpimaji kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama amewekewa chombo cha moyo. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yake. Kazi yote huchukua takriban nusu saa hadi saa moja, na mgonjwa hurejea kwake siku hiyohiyo. Apewe jibu kwa maandishi, naye alirudishe kwa tabibu aliyemtuma.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtu aliyebanwa neva ya ngozi ya paja peke yake hapungukiwi nguvu za mguu?
2. Taja vipimo viwili vinavyoweza kufanywa katika zahanati bila umeme.
3. Kwa nini mpimaji hulinganisha mapaja yote mawili, na ni wakati gani ulinganisho huo haufai?
4. Ni alama gani za ngozi zinazomlazimu tabibu kufikiria ukoma?
5. Taja hali tatu zinazomtaka mgonjwa afike hospitali bila kukawia.

Masheha, wakuu wa idara, walimu wa skuli na viongozi wa vijiji wanaombwa kulisoma somo hili pamoja na watu wao. Mwenye ganzi ya paja aanze kwa kulegeza mkanda, apime sukari, na aende kituo cha afya kilicho karibu naye akaitazamwe ngozi na kupimwa nguvu za mguu. Barua ya kwenda kwenye mashine itatoka hapo, kwa yule anayeihitaji.